Msimbopau kwenye stoo ya hospitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila hospitali inapoanza kufikiria kuweka skana stoo. Wanaouliza ni wafamasia, watunza stoo, wauguzi, wahasibu na watu wa TEHAMA. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila anayefanya kazi na KEMSA, bohari ya dawa ya serikali kule Kenya, hatapotea njia. Kama umefuata swali moja tu, lisome hilo uondoke, lakini swali la 6 usiliruke. Hapo ndipo miradi mingi inapofia.

## Ya msingi

1. Msimbopau ni nini hasa, na ndani yake mna nini?

Ni namba iliyochorwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma. Ile mistari kwenye boksi la glavu haibebi bei, wala jina la kitu, wala idadi iliyobaki. Inabeba namba peke yake. Mengine yote yanatoka kwenye kompyuta yenu. Kompyuta ikiwa haina habari na namba hiyo, skana italia "pii" na hakuna kitakachotokea.

Wazo lenyewe ni la zamani. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipata hataza yake Marekani mwaka 1952, na bidhaa ya kwanza kuskaniwa kaunta ya dukani ilikuwa pakiti ya chingamu mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Hospitali zilikuja nyuma sana: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa kanuni ya kulazimisha msimbopau kwenye dawa nyingi za hospitali mwaka 2004.

2. Kuna mistari, na kuna kile kiboksi cha nukta nukta. Tofauti ni nini?

Mistari ya kawaida kwenye bidhaa hubeba namba ya utambulisho wa bidhaa tu. Kiboksi cha nukta unachokiona kwenye dawa nyingi siku hizi huitwa DataMatrix, na chenyewe hubeba namba ya bidhaa, tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo (batch), na pengine namba ya pekee ya boksi hilohilo. Kwa stoo ya hospitali tofauti hii ni kubwa mno, kwa sababu kuandika namba ya toleo kwa mkono ndiyo kazi ambayo watu huiruka wakichoka.

Ukikiangalia kiboksi hicho, pembeni huwa pameandikwa kitu kama (01), (17), (10) na (21). Hivyo ni vitambulisho vya shirika la viwango la GS1: 01 ni bidhaa, 17 ni tarehe ya kuisha muda, 10 ni toleo, 21 ni namba ya pekee. Ukiona (17)271130, maana yake muda unaisha tarehe 30 Novemba 2027. Mwaka hutangulia, siku huja mwisho.

3. Namba ikianza na 620, si ina maana dawa imetengenezwa Tanzania?

Hapana, ingawa ujumbe huo husambaa sana WhatsApp. 620 inaonyesha kwamba kampuni ilipata namba zake kupitia GS1 Tanzania. 616 ni GS1 Kenya. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Nchi ya utengenezaji isomwe kwenye maandishi ya boksi.

4. Inasaidia kweli, au ni mradi wa kununua vifaa tu?

Mfano uliorekodiwa vizuri ni wa Uingereza. Mwaka 2016 mpango wa Scan4Safety ulianza katika taasisi sita za hospitali za umma, zikiwemo Derby, Leeds na Salisbury. Walianza na mambo matatu: kila mgonjwa awe na namba, kila bidhaa iwe na namba, na kila mahali, hadi rafu, pawe na namba. Ripoti ya mwaka 2020 ilieleza kwamba saa 140,000 hivi za watoa huduma zilirudi kwenye kuhudumia wagonjwa, na mali iliyokuwa imelala stoo ilipungua kwa thamani ya pauni milioni 9.

Tusidanganyane: zile ni hospitali zenye umeme wa uhakika na bajeti ya kueleweka. Lakini ukitazama faida yao ilikotoka, haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwenye kujua kitu gani kiko wapi. Na kuchanganyikiwa kuhusu hilo, hapa kwetu tunako kwa wingi.

## Kabla ya kununua chochote

5. Hospitali yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

Anzia stoo moja na kundi moja la vitu. Chagua vitu vya bei kubwa, au vinavyoisha muda haraka, au vinavyogombaniwa: vitendanishi vya maabara, nyuzi za kushonea, vyuma vya mifupa, vifaa vya kusafisha damu. Usianze na pamba na bandeji. Kutumia dakika nzima kufuatilia kitu cha bei ndogo kitakachoisha kesho ni kujichosha bure, na watu watasusa mapema.

Kundi hilo likishakaa sawa, yaani mkihesabu rafuni mnakuta kilichoko kwenye kompyuta, ndipo mwongeze jingine.

6. Kwa nini mnasema orodha kuu ya bidhaa ni muhimu kuliko skana?

Kwa sababu skana inasoma namba, na namba hiyo lazima iangukie mahali. Chukua amoxicillin ya vidonge vya miligramu 250. Mwezi huu imetoka kwa mtengenezaji wa kwanza, robo ijayo kwa wa pili, kisha dharura ikitokea mnanunua kwa muuzaji binafsi anayeleta ya wa tatu. Hizo ni namba tatu tofauti za msimbopau kwa dawa ambayo kwenye leja yenu ina mstari mmoja. Kama programu inaruhusu msimbopau mmoja tu kwa kila kitu, mtaishia na amoxicillin tatu, kila moja na salio lake, na kompyuta itasema imeisha wakati maboksi yamejaa. Orodha kuu lazima iwe na jina moja la dawa linalobeba misimbopau mingi.

Jambo la pili ni ukubwa wa kifungashio, na hili ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Katoni ina namba yake, boksi lina yake, na zinatofautiana kwa makusudi. Skana ikisoma katoni, haijui ndani mna maboksi mangapi mpaka mwe mmeandika hivyo kwenye orodha. Muuguzi akiomba "glavu mbili", ni vipande viwili, jozi mbili au maboksi mawili? Mtunza stoo mzoefu anajua kwa kumtazama tu aliyeomba. Kompyuta haijui. Amueni kipimo kimoja cha kutolea kila kitu, kiandikeni, kisha kila kifungashio kikubwa zaidi kipewe idadi yake ya kipimo hicho.

Jambo la tatu: majina. Orodha ya hospitali iliyokua yenyewe kwa miaka huwa na "Glove surgical 7.5", "Gloves sterile 7½" na "Glavu za upasuaji no. 7.5", zote ni kitu kimoja. Tumieni majina na namba za orodha ya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya Tanzania, pale vilipo, na ninyi mwongeze yale tu ambayo MSD haina. Kazi hii haina utamu, haipigwi picha, na huchukua wiki kadhaa za mfamasia na mtunza stoo wakikaa pamoja. Mkiiruka, pesa ya skana mmeitupa.

Mwisho, mteueni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuongeza kitu kipya kwenye orodha. Kila mtu akiwa na ruhusa, baada ya muda mfupi mtarudi kwenye glavu za aina tatu.

7. Tununue skana gani? Simu haitoshi?

Nunua inayosoma DataMatrix, yaani inayopiga picha. Skana za zamani za leza zinasoma mistari tu. Ni rahisi kununua, lakini kwa dawa za leo zitakuacha ukiandika toleo kwa mkono. Kabla ya kulipa, mpe muuzaji maboksi matano kutoka stoo yako na umwambie ayasome mbele yako, hasa vichupa vidogo vya mviringo na foili inayong'aa.

Simu inatosha kwa kujaribu na kwa kuhesabu wodi ndogo. Kwa dawati la kupokelea mzigo haifai: ni ya polepole, mkono unachoka, na simu ya mtu binafsi inaondoka naye anapohama kituo.

Jambo linalowashangaza wengi: skana nyingi zikichomekwa kwenye kompyuta hufanya kazi kama kibodi. Zinaandika namba mahali kielekezi kilipo, kisha zinabonyeza Enter. Kwa hiyo unaweza kujaribu skana kwenye Excel bila programu yoyote. Ila weka safu hiyo iwe ya maandishi, la sivyo Excel itafuta sifuri za mwanzo na kugeuza namba ndefu kuwa kitu kama 6.2E+12.

8. Tuna GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali, na tunaagiza dawa kupitia eLMIS, mfumo wa ugavi. Tunahitaji programu nyingine tena?

Pengine hamhitaji, na mimi ningesita sana kuongeza ya tatu. Mfumo wa pili wa stoo unamaanisha mtu kuingiza kitu kilekile mara mbili, na mara ya pili ndiyo atakayoiacha. Muulizeni mtu wa TEHAMA wa halmashauri maswali manne: sehemu ya kutafutia bidhaa inapokea namba iliyoskaniwa? Bidhaa moja inaweza kubeba misimbopau mingi? Toleo na tarehe ya kuisha muda vina nafasi zake? Na mfumo unajua kukipasua kiboksi cha DataMatrix kuwa sehemu zake (tazama swali la 18)?

Mkipata "hapana" kwa mawili au zaidi, anzeni na orodha safi huku mkidai marekebisho. Orodha haiharibiki ikisubiri.

## Kazi ya kila siku

9. Tuskani wakati gani?

Mahali kitu kinapobadilisha mikono: kinapopokelewa kutoka kwa msambazaji, kinapotoka stoo kuu kwenda wodi au famasia, na kwa vitu vya bei kubwa, kinapotumika kwa mgonjwa. Mkishindwa vyote, anzeni na kupokea na kutoa stoo kuu. Kupokea bila kutoa hakuna maana. Salio litapanda tu hadi mkaguzi acheke.

Wakati wa kutoa, programu ikuonyeshe toleo linaloisha muda mapema zaidi, na ikatae au ikuonye ukichukua la mbali. Kinachoisha kwanza kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana.

10. Wauguzi wanasema tumewaongezea kazi. Tuwajibu nini?

Wasikilizeni, mara nyingi wana haki. Kama muuguzi anaskani na bado anajaza fomu ya karatasi na daftari la wodi, ni kweli mmemwongezea. Ondoeni karatasi moja siku mnayoweka skana. Na kazi ya kuomba vifaa isiwe yake ikiwezekana: mtunza stoo apite wodini siku maalumu, askani lebo za rafu zilizopungua, arudi na mzigo.

Inafaa kukumbuka kwamba utaratibu wa kuskani dawa kando ya kitanda, uliosambaa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ulianza na wazo la muuguzi. Huyo ni Sue Kinnick wa Topeka, Kansas, aliyemwona mfanyakazi wa kampuni ya kukodisha magari akipokea gari kwa skana ya mkononi. Waulizeni wenu pia.

11. Vitu vingi vinakuja bila msimbopau, hasa vya msaada. Tufanyeje?

Chapeni lebo zenu za ndani, lakini msijitungie namba ovyo. GS1 imetenga namba za tarakimu 13 zinazoanza na 20 hadi 29 kwa matumizi ya ndani, kwa hiyo hazitagongana na za kiwandani. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki: zidisha tarakimu 12 za kwanza kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, jumlisha, kisha tafuta kinachobaki kufikia kumi inayofuata. Kwa 200000004127 jumla ni 32, hivyo namba kamili ni 2000000041278. Programu za kuchapa lebo hufanya hesabu hii zenyewe.

Kwa vitu vidogo visivyobandikika, weka lebo kwenye rafu badala ya kitu. Na kitu chenye msimbopau wa kiwandani kisibandikwe lebo juu yake. Nimeona maboksi yenye lebo ya hospitali iliyofunika tarehe ya kuisha muda.

12. Lebo zetu zinafifia, au zinabanduka. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni aina ya printa. Karatasi inayochapwa kwa joto bila ribboni hugeuka nyeusi ikiwekwa juani na kufutika ikipanguswa kwa spiriti, na hospitalini kila kitu kinapanguswa kwa spiriti. Lebo za rafu zichapwe kwa printa yenye ribboni. Lebo za friji zinahitaji gundi ya baridi, na zibandikwe kitu kikiwa kikavu.

Mengine madogo: usichape mistari kwa rangi nyekundu, kwa sababu skana yenye mwanga mwekundu haiioni. Acha nafasi nyeupe pande zote mbili. Usifunike kwa selotepu inayong'aa. Kwenye kichupa chembamba kilichosimama, mistari ilale kama vipandio vya ngazi ili isizunguke upande wa nyuma.

13. Umeme ukikatika?

Wekeni fomu moja ya karatasi yenye safu zilezile za programu, pamoja na saa halisi ya tukio, na mtu mwenye jina anayeingiza fomu hizo umeme ukirudi. Zipo pia skana zenye kumbukumbu zinazoendelea kusoma na kumwaga data baadaye. Betri ya akiba kwa kompyuta ya stoo si anasa.

14. Bado tutahitaji kuhesabu stoo?

Ndiyo. Ila badala ya kufunga stoo siku nzima mwisho wa mwaka, hesabuni rafu chache kila wiki, za vitu ghali mara nyingi zaidi. Tofauti ikigunduliwa baada ya siku nne bado kuna anayekumbuka kilichotokea. Baada ya miezi kumi hakuna.

## Wizi, dawa bandia na fedha

15. Mfumo huu unazuia wizi?

Hauzuii. Unafupisha muda wa kugundua, na unaonyesha kitu kilionekana mara ya mwisho wapi na kwa jina la nani. Kwa sharti moja: kila mtu aingie kwa nywila yake. Stoo ambayo wote wanatumia akaunti ya "stoo1" haina ushahidi wowote.

16. Skana ikisoma vizuri, dawa ni halali?

La. Msimbopau unanakilika kama maandishi mengine yoyote. Kinachosaidia ni namba ya pekee ya kila boksi ikilinganishwa na hifadhidata ya mtengenezaji au ya mamlaka, kama Umoja wa Ulaya ulivyoanza kudai kwa dawa nyingi za cheti kuanzia tarehe 9 Februari 2019. Pasipo na hifadhidata ya namna hiyo, endeleeni na yaleyale: msambazaji anayefahamika, usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na kuripoti mnapotilia shaka.

17. TMDA ikitangaza toleo fulani liondolewe, tunafanyaje? Na bima je?

Tafuta namba ya toleo, pata orodha ya wodi zilizolipokea, piga simu, zuia utoaji. Hapa ndipo utaona thamani ya kuskani toleo wakati wa kutoa na si wakati wa kupokea tu. Bila hivyo mtajua kwamba mlikuwa nalo, hamtajua limeenda wapi.

Kuhusu bima, jibu ni fupi: kitu kisichoandikwa kwa mgonjwa hakidaiwi. Kanula, nyuzi na dripu za usiku ndizo husahaulika zaidi, na mhasibu wenu anazijua vizuri.

## Yanayokwama

18. Namba ya toleo inatokea ndefu ajabu, imeungana na tarakimu nyingine. Skana mbovu?

Karibu kila mara skana ni nzima. Toleo na namba ya pekee hazina urefu maalumu, kwa hiyo kati yake huwekwa alama ya kutenganisha isiyoonekana. Skana ikiwa katika hali ya kibodi, alama hiyo hupotea njiani. Toleo B4471 likifuatiwa na (21)000873 linaingia kama B447121000873, na siku ya kutafuta toleo la kuondoa hamtalipata. Fungua mwongozo wa skana, tafuta mpangilio wa kupeleka alama hiyo ikiwa herufi inayoonekana, kisha programu ifundishwe kuitambua.

19. Boksi lilelile linasomwa kama vitu viwili.

Mistari yake ina tarakimu 13, DataMatrix yake ina 14 kwa kuongezewa sifuri mbele. Ni namba moja. Programu ijazie sifuri hadi tarakimu 14 kabla ya kulinganisha.

20. Tarehe inasoma siku ya 00.

Mtengenezaji ametaja mwezi tu. Ichukulie kuwa siku ya mwisho ya mwezi huo. 00 ya Februari 2028 ni tarehe 29.

21. Chupa za damu nazo ziingie kwenye mfumo huu?

Damu ina kiwango chake cha kimataifa, ISBT 128, chenye namba ya kila uchangiaji, kundi la damu na aina ya zao la damu. Iachieni benki ya damu na lebo zake, na msibandike namba ya stoo juu yake. Mifuko mitupu na vitendanishi vya kupimia, hivyo ni vya stoo kama kawaida.

22. Tunataka kuweka msimbopau kwenye mkanda wa mkononi wa mgonjwa. Kuna kikwazo cha kisheria?

Mkanda ubebe namba ya mgonjwa, na jina lake liandikwe kwa kusomeka. Usibebe ugonjwa, hali ya maambukizi wala dawa anazotumia, kwa sababu simu yoyote inaweza kuusoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili huzipa taarifa za afya ulinzi wa ziada. Mkanda ukivuliwa, ukatwe kabla ya kutupwa. Na namba iwe ileile ya faili lake, asipewe mpya kila anapolazwa, la sivyo mtarudia kwa wagonjwa kosa lilelile la amoxicillin tatu katika swali la 6.